Chenga za Kusafishia Kinu

Siku ya mia tatu sitini na moja, Theopista Kokushubira alipitisha mayai arobaini chini ya kisomaganda, moja baada ya jingine, na taa haikuwaka.

Aliweka la mwisho kwenye trei, akafuta tarakimu ya jana na kuandika ya leo kwa chaki. Ubao ulitundikwa kwenye mlango wa kinu cha chakula cha mifugo cha Ikungumwe, mahali ambapo kila mfugaji aliyekuja kuchukua magunia yake aliuona kabla ya kitu kingine. Zikifika siku mia tatu sitini na tano bila taa kuwaka, Soko la Pwani lingeyapokea tena mayai ya Uwanda wa Kati, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Leo ilikuwa Alhamisi. Wanunuzi walitarajiwa Jumatatu.

"Mkaguzi, leo umeyakodolea macho kama yamekukosea," alisema Halfani Msengi, meneja wa kinu, akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Nayatazama kikazi, Bwana Msengi."

"Basi yaonee huruma. Jumatatu yanapanda lori lenye kiyoyozi. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda gari lenye kiyoyozi."

Wapakiaji wakacheka. Theopista naye alitabasamu kidogo, kwa sababu mwaka mzima wa kutabasamu ulikuwa umebakiza siku nne.

Ndani, mashine ilikuwa inamaliza kundi la asubuhi. Mahindi na mashudu ya alizeti vilipita mbele ya jicho la mwanga lililotenga punje mbovu, vikasagwa, vikachanganywa, na mwishoni vikapuliziwa hamira shahidi. Hamira hiyo ilitengenezwa maabara. Ikiwa tumboni mwa kuku, haina kazi yoyote mpaka ikutane na sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Ikikutana nayo inatoa rangi, rangi inapanda kwenye ganda, na kuku aliyelishwa sumu anataga yai la zambarau. Kisomaganda kiliiona rangi hata pale jicho lisipoiona. Mkaguzi anaweza kuhongwa. Kuku hahongeki.

Hiyo ndiyo iliyoitwa Sheria ya Ganda, na ilisifiwa sana. Waliokuwa na umri wa kukumbuka walikumbuka pia jinsi ilivyokuja. Mwaka wa Njano walikufa watu mia sita na kumi na wawili katika Uwanda wa Kati, macho yao yakiwa na rangi ya kiini cha yai. Iliundwa kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo. Miezi mitano baadaye Pwani ilirudisha malori matatu ya mayai, na sheria ikapitishwa ndani ya wiki tatu. Kichwa chake kamili kilikuwa Sheria ya Kurejesha Imani ya Mlaji. Neno mlaji lilifafanuliwa katika kifungu cha pili: mtu anayenunua.

Miaka miwili iliyopita kinu cha Ikungumwe kilikuwa karibu kufungwa. Kila baada ya wiki chache yai moja au mawili yaliwasha taa na hesabu ikaanza upya. Theopista ndiye aliyegundua sababu. Vumbi la punje mbovu lilikuwa linabaki kwenye kuta za mashine na kuingia katika kundi linalofuata. Akaandika utaratibu, wa saba katika kitabu cha kinu: kila baada ya kundi, zipitishwe kilo mia moja za chenga za mahindi, zifute kuta kama tonge la ugali linavyofuta mchuzi kwenye sahani. Alijaribu pumba, zikashindwa, nyepesi mno. Chenga zilifuta vizuri, vumbi na mabaki ya hamira pamoja. Sumu iliyotawanyika katika tani kumi ilikusanywa kwenye gunia moja, na gunia hilo, ndivyo utaratibu ulivyosema, liteketezwe. Mamlaka ya Ganda ilimpa cheti. Vinu kumi na vinne vikaiga.

Asubuhi hiyo Mamlaka ilikuwa imeomba kitu kimoja zaidi kwa ajili ya jalada la wanunuzi: picha ya shimo la kuteketezea chenga.

Theopista alikuwa ametia sahihi mbele ya neno "zimeteketezwa" kila siku kwa miaka miwili. Hakuwahi kwenda shimoni. Lilikuwa nyuma ya ghala, upande wa upepo, na ofisi yake ilikuwa upande mwingine.

Alikwenda. Shimo lilichimbwa vizuri, pembe nne zilizonyooka, kama mchoro wake ulivyoagiza. Ndani yake ziliota nyasi mpaka magotini, na kuku mmoja alikuwa humo ameatamia mayai, akamtazama kwa dharau. Hapakuwa na jivu. Hapakuwa na jiwe hata moja lililoungua.

Alimwita Nkuwi, mwendesha mashine, mtu wa makamo mwenye nyusi zilizokuwa nyeupe kwa unga siku zote.

"Kaka Nkuwi, chenga mnazichomea wapi?"

Nkuwi alilitazama shimo, akamtazama yeye, akaona kwamba swali ni la kweli.

"Mama, mahindi yanachomwaje?"

"Kwa moto. Imeandikwa."

"Imeandikwa, ndiyo. Tulisema ni ya kuandikwa tu." Alikuna shingo. "Wewe kwenu Bukoba ni ndizi, ndizi ikiharibika unaitupa shambani na mgomba unashukuru. Hapa mtu akionekana anachoma mahindi, watu watamfunga kamba wampeleke kwa mganga. Baba yangu mdogo alifukuzwa ukooni kwa sababu alichoma gunia la mtu. Si ghala, gunia. Sasa mimi nichome gunia kila siku, nawatazama watu usoni?"

"Yanakwenda wapi?"

"Kwa Bi Gwau. Yeye ndiye anagawa. Kaya kumi na moja za huko nyuma, zisizo na mashamba." Halafu, kwa sauti ya mtu anayedhani anasaidia, akaongeza: "Wala hatuziuzi, mama. Hata punje moja. Tunazitoa bure."

*

Bi Mwanaidi Gwau alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushee, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu kutoka mbali. Uani kwake palikuwa na nyungo mbili zimeanikwa na kuku tisa wakiparua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hatimaye! Miaka miwili napita pale kinuni, unanipungia mkono kama abiria. Kaa. Hapo kuna msumari, kaa huku."

"Sitakaa sana, bibi. Nimekuja kuuliza kuhusu chenga."

"Utauliza ukishakula. Mtu haulizi na tumbo tupu, anauliza vibaya."

Akaingia jikoni. Theopista aliinama juu ya nyungo. Katika mmoja kulikuwa na chenga nzima zilizopepetwa na kuoshwa, tayari kupikwa. Katika mwingine yalibaki makapi ya kijivu, ya kuku. Alichota kidogo kwa ncha ya kidole na kunusa. Harufu ilikuwa ya kabati la nguo lililofungwa msimu mzima wa mvua.

Bi Gwau alirudi na sahani ya bati. Juu yake palikuwa na chumvi kwenye karatasi na yai moja la kuchemsha.

Lilikuwa zambarau. Siyo ile hafifu ambayo kisomaganda kinaitafuta kwa mwanga. Lilikuwa zambarau iliyoiva, sawa na bilinganya.

"Mbona unalitazama hivyo? Limechemka, halina kifaranga."

"Bibi, haya mnayala tangu lini?"

"Tangu kuku walipoanza kuyataga. Miaka miwili hivi."

"Hamkuambiwa maana ya hii rangi?"

"Tumeambiwa!" Bi Gwau aliketi, akaanza kulimenya yai mwenyewe kwa kuwa mgeni alichelewa. "Alikuja yule kijana wa Mamlaka na kipaza sauti. Yai la zambarau haliuzwi, halisafirishwi, halionyeshwi sokoni. Tukamsikia vizuri. Tukasema, kumbe. Tangu nizaliwe, kitu kizuri kikitoka hapa kinapanda gari. Asali imepanda gari, alizeti imepanda gari, mbuzi wamepanda gari. Leo Serikali imepaka rangi yai la maskini ili lisipande gari. Nikasema hawa safari hii wametuonea huruma."

Theopista alikuwa analisoma upya tangazo hilo kichwani. Alilijua kwa moyo, maana alikuwa mmoja wa waliolihakiki. Lilikataza kuuza, kusafirisha na kuonyesha. Kula hakukutajwa. Kikaoni mtu mmoja aliuliza kama kutajwe, akajibiwa kwamba sheria inahusu soko.

"Kula basi," alisema Bi Gwau. "Au wewe wa mjini unakula ya kuuzwa tu?"

"Bibi, hili yai lina sumu. Na chenga zina sumu zaidi."

Mwanamke yule aliacha kumenya. Hakupiga kelele. Alilirudisha yai kwenye sahani, akauliza, kama mtu anayeuliza njia:

"Sumu ile ya Mwaka wa Njano?"

"Hiyo hiyo."

"Ingia ndani umwone Zaituni."

Zaituni alikuwa mke wa mwanawe. Alilala kwenye mkeka karibu na dirisha, miguu myembamba, tumbo limejaa.

"Watu wanampa hongera," alisema Bi Gwau. "Wananiuliza, bibi, mjukuu lini? Hana mimba. Zahanati wamempa dawa za malaria mara tatu."

Theopista alifunua kope ya mgonjwa kwa kidole gumba. Jicho lilikuwa la njano.

"Wengine wenye hali hii?"

"Kwa Mzee Kitundu wawili. Kwa kina Sikitu mmoja, huyo bado anatembea." Kisha Bi Gwau akasema, bila kumtazama: "Kazi ya kugawa ni yangu. Huyu kipimo kimoja, huyu viwili kwa kuwa ana watoto. Nilijivuna kwamba sikumpunja mtu."

Theopista alitaka kumwambia kwamba utaratibu ulikuwa wake, na kwamba kama si utaratibu huo sumu ingebaki imetawanyika, kidogo kidogo, katika mayai ya watu wote. Aliona jinsi sentensi hiyo ingesikika ndani ya chumba kile. Akamwomba bibi amtajie watu wote wa kaya zile kumi na moja, akayaandika majina, kisha akaichukua sahani, akalifunga yai kwenye leso, akatoka.

*

Hospitali ya wilaya ilikuwa na dawa ya kufunga sumu. Ilikuwa kwenye jokofu ambalo mlango wake ulifunguka kwa namba ya tahadhari tu, na namba ilitolewa na kisomaganda pekee, kikishasoma yai la zambarau. Mtindo huo uliwekwa baada ya dawa kuibwa na kuuzwa. Aliyeuweka alikuwa na nia njema.

Theopista alifunga mlango wa ofisi, akaliweka yai la Bi Gwau chini ya kisomaganda. Lilikuwa limemenywa nusu. Taa iliwaka nyekundu. Kisha maandishi yakapita kwenye kioo: KUKU HAYUPO. WEKA NAMBA YA MFUGAJI.

Akajaribu tena. KUKU HAYUPO.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Msengi aliona taa kwanza, kisha yai. Aliufunga mlango nyuma yake taratibu sana.

"Nkuwi ameniambia," alisema. "Wagonjwa wangapi?"

"Wanne ninaowajua. Mmoja tumbo limeshajaa maji."

Msengi alikaa. Akakivuta kiti karibu na meza.

"Mke wangu nilimzika Mwaka wa Njano, kwa hiyo naomba usinifundishe hii sumu ni nini. Nisikilize tu. Kuanzia saa hii chenga zinachomwa, nitazichoma mimi mwenyewe, wacha waniite mwendawazimu. Kaya zote kumi na moja nitazipelekea unga safi leo hii. Wagonjwa nawakodia gari mpaka mkoani. Na wewe Jumanne unaandika kila kitu, hata jina langu weka. Siku nne, dada Theo. Siku nne tu."

"Mkoani wataombwa namba ile ile."

"Labda watapona bila hiyo dawa."

"Labda."

"Na ukiandika leo?" Hakupandisha sauti. "Sheria unaijua. Kuku wote waliokula cha kinu hiki, elfu arobaini na moja, wanauawa ndani ya siku mbili. Mayai yao ni meupe, umeyapima mwenyewe asubuhi. Hawana kosa. Wafugaji elfu mbili hawana kosa. Wamengoja miaka kumi na moja. Kuna watu watakaokufa kwa hilo pia, ila polepole, na hakuna mashine itakayowasha taa."

Alikuwa anasema kweli, na Theopista alijua. Alizipanga kaya elfu mbili upande mmoja na kaya kumi na moja upande wa pili, akaona jinsi ilivyo rahisi, na akaona pia kwamba kuna mtu aliyewahi kuipanga hesabu hiyo hiyo katika kila kamati iliyokaa tangu Mwaka wa Njano, na kila mara jibu lilikuwa subiri kidogo.

"Jumanne malori yatakuwa njiani," alisema. "Utaniambia ningoje yafike. Yakifika, utaniambia ningoje walipe. Hutasema kwa ubaya, Bwana Msengi. Utasema kama unavyosema sasa."

"Na kama nakuapia?"

"Zaituni hawezi kunywa kiapo."

Msengi alielekeza kidevu kwenye kioo. "Hata hivyo kimekukatalia. Wale kuku hawamo kwenye rejista. Utawaandika kwa jina la nani? La bibi? Anayelisha kuku sumu ni miaka mitano ndani. Umri wake unaujua."

Hilo Theopista alikuwa ameshalifikiria njiani, na jibu lake hakulipenda. Alivuta kibodi, akafungua ukurasa wa usajili. Idadi ya kuku: tisa. Mahali: Ikungumwe, nyuma ya ghala. Aina ya chakula: chenga za kusafishia kinu. Jina la mfugaji.

Aliandika jina lake, kwa herufi zote.

"Theo," alisema Msengi. "Unajifunga kamba mwenyewe. Ukifungwa wewe, nani atabaki wa kusema ilikuwaje? Mimi?"

"Ndiyo. Wewe."

Akalisukuma yai chini ya mwanga. Safari hii kisomaganda hakikuuliza chochote. Kilitoa mlio mmoja, na namba ya tahadhari ikatokea, tarakimu tisa. Mahali fulani wilayani jokofu lilifunguka. Katika simu elfu mbili za wafugaji ujumbe uliingia kwa wakati mmoja, na kwa muda mfupi hakuna kilichosikika isipokuwa mashine. Kisha mtu mmoja nje akapiga ukelele. Kisha mwingine.

Msengi alisimama, akatoka. Mashine ikazimwa. Haikujulikana kama aliizima kwa kukubali au kwa kukata tamaa, na yeye mwenyewe, alipoulizwa miezi mingi baadaye, hakusema.

Simu ya ofisi ililia kabla ya dakika tano. Ilikuwa Mamlaka ya Ganda, dawati la tahadhari, kijana mwenye sauti iliyolala vizuri.

"Mkaguzi, tumepokea. Hapa panasema mfugaji ni wewe. Ni makosa ya uandishi?"

"Si makosa."

"Haya." Vidole vyake vilisikika kwenye kibodi. "Kuku tisa. Mayai yameingia sokoni mangapi?"

"Hakuna."

"Hakuna hata moja? Basi hakuna mlaji aliyeathirika. Naweka sifuri."

"Usiweke sifuri. Mayai yameliwa. Na chenga zimeliwa, miaka miwili. Gari la dawa lije moja kwa moja nyuma ya ghala, wagonjwa wanne, mmoja mahututi."

"Gari limeshatoka, mkaguzi, hilo usijali. Ninachosema ni hii fomu. Inataka idadi ya walaji, na mlaji ni mtu aliyenunua."

Nje, watu walikuwa wameanza kukusanyika mlangoni. Mtu mmoja alilitukana jina la Theopista, pamoja na la mama yake.

"Wako arobaini na watatu," alisema Theopista. "Nitakutajia majina."

"Majina hayana nafasi hapa."

"Pembeni mwa fomu pana nafasi."

"Pembeni ni pa mhuri tu."

"Mhuri utapigwa juu ya majina. Una kalamu?" Alisikia mlango wa nje ukisukumwa, hakugeuka. "Andika. Wa kwanza ni Zaituni Gwau. Wa pili ni mama mkwe wake, Mwanaidi. Ukijaza pembeni, geuza ukurasa."